Mngurumo wa Celica Nyekundu

Siku Kauthar alipokutana na Callixte walitukanana mbele ya watu, na asikudanganye mtu, wote wawili walifurahia.

Foleni ya ukaguzi wa magari mjini Mpanda ilikuwa imetoka uwanjani mpaka barabarani. Jua kali, vumbi, watu wamenuna. Kauthar alikuwa ndani ya Celica nyekundu ya milango miwili, gari la zamani lililokuwa likinguruma kuliko malori ya mpunga yaliyomtangulia. Dera lake la bluu lilikuwa limelowa mgongoni, mtandio umeteremka mabegani, kidani kinamnata shingoni. Kila akikanyaga mafuta, wingu jeusi linawafunika walio nyuma.

"Dada, zima hiyo kitu! Unatumaliza!"

Ni kijana mrefu mwenye ovaroli ya kijivu, kaja kumsindikizia mteja wake gari. Meno meupe, macho ya dharau.

"Kama kifua kinakuuma, hospitali ipo," Kauthar alijibu. "Hapa ni foleni ya magari."

"Kwani hiyo ni gari?"

"Wewe umekuja na nini? Si miguu?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, jambo lililomuudhi Kauthar zaidi. Akasogea, akaweka kiganja juu ya boneti, na hapohapo kicheko kikamkauka.

"Hii ni ya Dulla."

"Ilikuwa yake. Marehemu ni kaka yangu."

"Pole," alisema, akaondoa mkono kama aliyeungua. "Naitwa Callixte. Fundi. Wakikufelisha, niletee gereji."

Wakamfelisha. Mkaguzi aliingiza mpira wa mashine kwenye ekzosi, akatazama kipimo, akakunja uso. "Moshi umezidi sana. Rudi Ijumaa. Ukirudi hivi hivi, hili gari halitembei tena barabarani."

Ijumaa! Baba mdogo Yunusi alikuwa anasubiri neno hilo tu. Alishasema waziwazi kwamba gari likifeli, kuna mtu wa vipuri Sumbawanga atalichukua vipande vipande, na mtoto wa kike aache kujizungusha mjini na gari la marehemu. Kauthar alijua kaka yake atauzwa mlango mmoja mmoja, na yeye yupo anaangalia.

Kesho yake alilipeleka gereji, na kabla hata ya salamu akatoa sharti.

"Tengeneza moshi. Sauti usiiguse."

"Sauti ina nini?"

Kauthar hakupenda kueleza, ila akaeleza. Nyumbani kwao Misunkumilo, Dulla alikuwa akikata kona tu, mama yao anausikia ule mngurumo na kubandika birika. Dulla akizima gari, chai imeiva. Sasa Dulla hayupo, Kauthar ndiye anayeendesha, na mama bado anabandika birika.

"Sauti hiyo ndiyo iliyobaki. Umenielewa?"

Callixte aliinama akalitazama bomba la ekzosi. "Nimekuelewa."

Siku tatu akahangaika. Akabadilisha plagi, akasafisha nozeli, akaweka chujio jipya la hewa, akamwaga oili. Kauthar alifunga duka lake la vitenge mapema kila siku, akakaa kwenye tairi bovu, akamsimamia na kumchamba.

"Jana ulisema ni plagi. Leo unasema ni nozeli. Kesho utasema ni mimi."

"Wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha. Ungeacha kukanyaga mafuta kama unaua nyoka, tungekuwa mbali."

Akifika nyumbani, simu inaita.

"Haloo, Mama Moshi."

"Niite hivyo tena, nakata."

"Kata basi."

Hakukata. Walibishana mpaka chaji ikaisha, na kesho yake Kauthar akapaka wanja kwenda gereji yenye oili kila mahali. Hasira gani hizo za kupakia wanja?

Alhamisi mchana alimkuta Callixte hayupo, kaenda kutafuta gasketi. Silvesta, fundi wa banda la pili, akainama chini ya Celica, akatikisa kichwa.

"Dada, mnapoteza muda. Hii haina masega."

"Masega ndiyo nini?"

"Lile kopo la kwenye bomba, ndani lina matundu matundu kama sega la nyuki. Ndilo linalosafisha moshi. Likitolewa, gari linanguruma na moshi unatoka mchafu. Callixte hajakwambia? Mbona aliyelitoa ni yeye mwenyewe!"

Kauthar alihisi masikio yanapiga kelele. Kila mtu mjini amesikia habari za mafundi wanaong'oa vifaa vya magari na kuviuza, mwenye gari anaambiwa gari sasa litapumua vizuri. Akapiga simu.

"Masega ya kaka yangu umeuza wapi?"

"Kauthar, nisikilize..."

"Siku tatu unanichekea! Umemwibia, amekufa, unajua hawezi kujitetea!"

"Sikuuza. Mwenyewe ndiye..."

"Nyie wakimbizi wa kambini ndivyo mlivyo! Mnajua kunyofoa vya wenzenu tu!"

Neno lilikuwa limeshatoka, na Kauthar alilisikia likitua.

"Mimi nimezaliwa mkoa huu," Callixte alisema polepole. "Mama yangu ana kitambulisho kama cha mama yako. Lakini sawa."

Akakata yeye.

Kauthar alilia kwa hasira, kisha akalia kwa aibu, na aibu ndiyo iliyokaa. Aliishika simu mara kumi. Hakupiga. Angeanzia wapi?

Ijumaa alirudi kwenye foleni peke yake, gari likinguruma, akijua linakwenda kufa. Yalibaki magari tisa mbele yake bodaboda iliposimama kando. Callixte akashuka, vumbi la Litapunga, kwa mama yake, limempaka mpaka kope, mkononi ana furushi la kitenge cha kijani.

"Toa gari pembeni," alisema bila salamu. "Sijaja kwa ajili yako. Nimekuja kwa ajili ya Dulla."

Akafungua furushi. Kopo la chuma, limefutwa likang'aa.

"Alitaka mjini wajue anapita, nikamtolea. Akaniambia, nitunzie, siku nikipata mke unirudishie, asije akanikimbia kwa kelele. Mama yangu kaliweka juu ya kabati la vyombo miaka minne. Haruhusu mtu aliguse."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Uliniambia nisiiguse sauti. Likirudi hili, sauti inakwisha. Nilitaka nikupe vyote viwili, nikashindwa."

Kauthar alikosa pa kuweka uso. Callixte akatandika boksi chini, akaingia uvunguni, ikabaki miguu tu.

"Callixte, jana..."

"Nipe kumi na nne."

Akampa spana.

"Nilisema neno baya. Niwie radhi."

"Nipe kumi na saba." Kisha, akikaza nati, "Hukulitunga jana lile neno. Ulikuwa nalo tayari mdomoni. Hapo ndipo paliponiuma."

Kauthar akapiga magoti vumbini na dera lake zuri, akainamisha kichwa mpaka akamwona usoni. "Nilikuwa nalo, kweli. Nimelikuta kwetu, nikalitumia bila kufikiri. Hutalisikia tena kwangu, na nikilisikia kwa mtu atanijua."

Callixte alimtazama, mafuta yakimdondokea shavuni. "Tutaona. Washa gari."

Gari likawaka kimya. Mkaguzi akatazama kipimo mara mbili, akabandika stika, akapiga boneti kofi. Kauthar alipogeuka amshukuru Callixte, alishapanda bodaboda na kuondoka.

Misunkumilo, mama alikuwa barazani anamenya karanga. Gari liliingia mpaka uani, hakuinua kichwa. Birika lilikuwa limefunikwa, jiko baridi.

"Umefika saa ngapi? Mbona sijakusikia?"

"Gari limepita, mama. Ni letu."

Mama akaliendea, akaweka kiganja kwenye boneti yenye joto. "Limenyamaza," alisema, akakaa chini palepale akalia, yeye ambaye hakulia hata siku ya mazishi. Kauthar alimkumbatia mpaka alipotulia, akamweleza yote, hata lile neno la aibu. Kisha akampigia Callixte simu.

"Mama amelia."

"Nije nilitoe tena?"

"Wee, thubutu! Njoo umwambie alichokwambia Dulla. Kile cha siku ya kupata mke."

"Mama Moshi, nikianza habari za mke hapo, baba yako mdogo atauliza dini, halafu atashika panga."

"Aulize. Tutamjibu wote wawili, na safari hii sitamwacha mtu akutukane, hata mimi mwenyewe. Unakuja au huji?"

Callixte akiguswa moyoni hurudia lugha ya mama yake. "Ego," alisema. Ndiyo.

Mama alikuwa amesikia upande mmoja tu, na ulimtosha. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Anakuja na usafiri gani, nitamsikiaje?"

"Bodaboda, mama. Hutamsikia."

Mama akainuka, akawasha jiko, akabandika birika.