Nyuma ya Beji ya Babu

Baba mdogo alifunga mlango wa chumba cha marehemu baba, akautia ufunguo mfukoni.

"Usiogope," akaniambia. "Ni maongezi tu."

Mtu akikwambia usiogope huku anafunga mlango... ogopa.

Mle ndani tulikuwa watatu. Mimi, baba mdogo, na mwanaume mmoja mpana ambaye hata salamu yangu hakuijibu. Shingoni alining'iniza lenzi ndogo kwa kamba. Juu ya meza ya baba alikuwa ameweka kisu, kimekunjuliwa.

Baba mdogo alimwita bosi. Mimi nitamwita Lenzi.

Niwaeleze kidogo nyie mnaosoma. Baba yangu alikusanya beji za kofia, vifungo na alama za vyeo za majeshi ya zamani. Majirani walimcheka, eti mzee anaokota vyuma. Hakujali. Aliniita nikae karibu naye, akanifundisha kuzisoma.

"Mbele ya beji hudanganya, mwanangu. Igeuze. Ukweli uko mgongoni."

Beji za zamani alizozipenda ziligongwa kwa mhuri kwenye bati jembamba la shaba. Kilichovimba mbele, nyuma kinabonyea. Nakala nyingi ni madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Nyuma huwa bapa, na ukitazama vizuri unaona vitundu vya mapovu.

Katika zote, kulikuwa na moja isiyouzwa. Kichwa cha nyati. Ilikuwa ya babu, aliyemzaa baba. Kikosi chake kilivunjwa mapema, kwa hiyo beji zake ni adimu, na wakusanyaji huzitafuta kama maji ya kunywa.

Babu alikwenda vitani, hakurudi. Hana kaburi, hana picha. Rafiki yake ndiye aliyerudi na ile beji.

Nilipokuwa mdogo nilizoea kuingiza ncha ya kidole kwenye mbonyeo wa nyuma, kwenye kichwa cha nyati, nikamuuliza baba, "Babu yumo humu?"

"Yumo," alijibu siku zote.

Sasa baba naye amekwenda. Msibani mama hakulia sana. Alisimama tu karibu na jeneza, na shangazi alipotaka kumnyooshea marehemu koti kifuani, mama akamsukuma mkono. Watu wakasema huzuni imemchanganya. Aliyelia ni baba mdogo. Alilia mpaka akashikiliwa na wanaume.

Na ni yeye huyo aliyeleta mnunuzi, turubai la msiba bado liko uani.

Lenzi alifungua sanduku la beji. Akainua moja, akairudisha. Akainua nyingine.

"Nani amezigusa hizi?"

"Mimi, bosi." Baba mdogo akatabasamu. "Zilikuwa zimefubaa. Nimezipiga dawa na brashi, ona zinavyowaka."

Lenzi alifumba macho kama mtu aliyetoneshwa jino bovu.

"Umezichuna ngozi," akasema taratibu. "Ule weusi wa uzee ndio niliofuata. Sasa umenitengenezea vijiko."

Siku nyingine ningecheka.

"Mimi sina safari ya bure. Ile ya nyati iko wapi?"

Baba mdogo akavuta droo haraka, akatoa kikopo cha mafuta ambamo baba alikuwa akiiweka. Hiyo aliipata baada ya kusugua zile nyingine, ndiyo maana iliponea brashi yake.

Lenzi hakuigusa. Akanisukumia mimi kile kikopo.

"Niambie wewe kama ni halisi. Baba yako aliyekufundisha nilifanya naye biashara. Hakuwahi kuniambia nakala ni halisi. Wengine waliniambia." Akakigeuza kisu, ncha ikanielekea. "Hawafanyi tena kazi hii."

Hakusema siku hizi wanafanya nini. Sikuuliza.

"Sema ni yenyewe, mwanangu, tumalize," baba mdogo akanibembeleza. Jasho lilimtoka. "Hata babako angependa."

"Baba angependa mlango uwe wazi," nikajibu.

Nikaitazama ile beji bila kuitoa kwenye kikopo. Nikiithibitisha, babu anaondoka nyumbani mara ya pili, na safari hii hakuna rafiki wa kumrudisha. Nikiikana...

Nilikitazama kisu.

"Ni nakala," nikasema.

Nilisikia mama akifagia ukumbini, fagio likasimama.

"Mtoto amechanganyikiwa, bosi. Msiba huu..."

"Nyamaza." Lenzi aliniinamia. Pumzi yake ilinuka tumbaku. "Nionyeshe."

Ndugu zangu, mtu unauthibitishaje uongo wako mbele ya kisu? Nikaitoa beji. Nikaigeuza ili nipate muda wa kufikiri, na kwa mazoea, kidole kikatafuta mbonyeo.

Hakukuwa na mbonyeo.

Nyuma ilikuwa bapa kama sarafu. Vitundu vya mapovu vilionekana hata bila lenzi.

Nilikuwa nimesema kweli bila kujua. Basi babu yuko wapi?

Nilimgeukia baba mdogo. Mdomo ulikuwa wazi. Si yeye aliyeibadilisha. Uso ule haukuwa wa kuigiza.

Lenzi aliichukua, akaikwaruza ukingoni, akatikisa kichwa.

"Binti wa baba yake," akasema. Kisha akamshika baba mdogo ukosi wa shati. "Ufunguo."

"Bosi, naapa sikujua..."

"Tutaongea huko nje."

Waliondoka hivyo.

Mama akaingia, fagio mkononi.

"Mama, beji ya babu imebadilishwa."

"Najua."

"Unajua?"

"Babako alimjua mdogo wake. Alipoanza kuugua, akaipeleka kwa fundi amiminiwe nyingine. Hiyo nakala akailoweka kwenye chai na chumvi izeeke. Nilidhani ni dawa yake, nusura nimpashie moto anywe."

Tulicheka kidogo. Halafu mama akaweka kiganja kifuani, upande wa kushoto.

"Yenyewe nilimshonea ndani ya koti. Alisema, 'Baba yangu hakupata wa kumzika. Niacheni niingie naye.'"

Nilikaa sakafuni. Ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Baba mdogo hajarudi. Mara moja alipiga simu, akawa anahema tu, kisha akakata. Mpaka leo nikisikia ufunguo unazunguka kwenye kitasa, moyo unanipasuka.

Nimeandika ili nisisahau, na nyie mchukue hili moja. Mtu aliyelia kuliko wote msibani, msimpime kwa machozi. Mgeuzeni mwone mgongo wake.

Babu sasa ana kaburi. Msiniulize liko wapi.