Beseni la Koko Elvire

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Emérance, jirani yetu pale Liverpool, ile ya huku kusini mwa dunia, alifua nguo akaanika, akabandika maharagwe, kisha akamlaza bintiye Gloire kitandani mwake. Mtoto alikuwa na miezi sita, mnene, mcheshi, hajajua hata kukaa bila mto. Mumewe, Ildephonse, alikuwa zamu ghalani kule Wetherill Park. Joto la Januari lilikuwa la kukera, lile linalomfanya mtu aichukie hata ngozi yake.

Baada ya chakula cha mchana upepo ulivuma kutoka bara. Ulikuja na vumbi jekundu la jangwani, mbingu ikawa rangi ya kutu, na nguo zote kambani zikaharibika. Radi ikapiga. Mvua ikafuata, na matone yake ya kwanza yalikuwa tope tupu.

Paa likaanza kuvuja. Halikuwa jambo geni. Wakala wa nyumba alikuwa hodari wa kuahidi fundi, kumleta ndiyo ilikuwa shughuli. Emérance akatega sufuria sebuleni, ndoo koridoni, bakuli la saladi chooni. Maji yalipoanza kudondoka chumbani kwa mtoto, vyombo vilikuwa vimekwisha. Ndipo alipokumbuka beseni lililokuwa gerejini.

Hapa yafaa ieleweke. Koko Elvire, bibi yake Gloire, mama mzazi wa Ildephonse, alifia katika nyumba ileile miezi michache nyuma, baada ya kulala kitandani mwaka mzima. Emérance ndiye aliyekuwa akimwogesha, na ndiye aliyemwogesha hata pumzi ilipokata. Tuseme kweli, ilikuwa kazi ya kutia kinyaa: vidonda vya mgongoni, usaha, dawa ya kuchua yenye harufu ya kupasua pua, ngozi inayobaki kwenye kitambaa, na kinywa chenye gego moja tu, la kahawia kwa tumbaku. Alifumba mdomo akavumilia.

Kwao Uvira, beseni alilooshewa marehemu hufunikwa kifudifudi. Halitiwi maji tena, na siku ya kutoa kilio, yaani kumaliza matanga, linavunjwa. Nyumbani lingekuwa limevunjwa zamani. Lakini huku ndugu mmoja yuko Adelaide, mwingine Brisbane, kila mtu na zamu zake, na siku ya kutoa kilio ilikuwa inaahirishwa tu. Beseni likabaki gerejini, limefunikwa.

"Yesu, unisamehe," Emérance alinong'ona, akaligeuza. "Ni mvula tu."

Alilitega karibu na kitanda cha Gloire, akarudi jikoni. Simu ikalia. Alikuwa Ildephonse.

"Mama Gloire, muko salama? Huku supervisor anasema storm ipite kwanza, njo tutoke."

"Tuko salama. Roof ina-leak kwenye chumba ya mutoto. Niliweka beseni."

Ildephonse akashusha sauti.

"Beseni gani?"

Emérance akatazama kule koridoni.

"Mama Gloire. Beseni gani?"

Simu ikakatika. Umeme nao ukakatika.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuja kupitia koridoni: dawa ya kuchua, na chini yake, uvundo wa usaha. Emérance akaifuata huku kitenge kimeziba pua.

Beseni lilikuwa limejaa pomoni. Lakini darini maji yalikuwa yakidondoka tone mojamoja tu.

Maji yalikuwa ya kahawia. Vumbi, alijiambia, vumbi la jangwani. Akainama alibebe. Juu ya maji palikuwa na utando wa mafuta, nywele fupi za mvi, na vipande vyeupe vya ngozi vilivyolainika. Akagusa kwa ncha ya kidole. Yalikuwa vuguvugu.

Alikimbilia sinki la jikoni, akatapika mpaka nyongo.

Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu.

Gloire alikuwa ndani ya beseni. Ameketi mwenyewe, wima, amempa mama yake mgongo. Povu la kijivu lilikuwa linapanda na kushuka mgongoni mwake. Juu, chini. Juu, chini. Mtu alikuwa anamsugua. Mkono haukuonekana.

"Polepole," sauti ya kizee ilinong'ona. "Hapo. Hapo njo inawasha."

Sauti ilitoka kinywani mwa mtoto.

Emérance alitaka kukimbia. Aliona aibu baadaye kulisema, lakini alitaka kukimbia. Badala yake akatumbukiza mikono yote miwili katika ule uchafu. Ulikuwa mzito, wenye madonge. Ngozi zikamganda vidoleni, zikaingia chini ya kucha. Akamkamata mwanawe kwapani, akavuta.

Upande wa pili, kitu kikavuta pia.

"Koko," alinong'ona, "weye nilikuogesha. Tulimaliza. Huyu ni wangu."

Akavuta tena. Kitu kikaachia. Gloire akalia, na kilio kilikuwa chake mwenyewe.

Emérance alitoka naye nje, katika mvua na radi zote hizo, akamsuuza pale uani mpaka maji yaliyotiririka mwilini mwa mtoto yakawa meupe.

Ildephonse alipofika alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mtoto. Alichukua nyundo akalivunja beseni vipandevipande, na kutoa kilio wamsubiri nani tena? Walifanya wenyewe jioni ileile, mchungaji akaomba. Daktari alimpima mtoto, akasema ni mzima. Gloire alinyonya vizuri, akacheka, akalala. Nyumba ikaanza kunukia maharagwe na sabuni tena, na Emérance akaanza kuamini kwamba alikuwa ameshinda.

Jumapili, baada ya ibada, alikaa kwenye kochi akimnyonyesha. Ghafla aling'atwa. Haikuwa fizi ile.

Akatia kidole kinywani mwa mtoto, akapapasa, akamgeuza kuelekea dirishani. Nyuma kabisa ya fizi laini lilisimama jino moja. Gego. Pana, la kahawia kwa tumbaku, limelika upande mmoja, na halikutikisika.

Emérance akamweka chini upesi, akafuta titi lake kwa kitenge, akalifuta tena na tena.

Gloire akamtabasamia, akanyoosha mikono abebwe. Emérance alitaka kumbeba, Mungu ni shahidi. Lakini kinyaa kilimshinda, na mikono yake ilikataa.