Tundu Nyuma ya Skrini

Tangu Kibonge alazwe, asubuhi za nyumbani kwao zilikuwa zimepooza. Mama alilala hospitalini na mgonjwa wake, kwa hiyo baba ndiye aliyechemsha chai, tena chai nyepesi kiasi kwamba ungeweza kuona kitako cha kikombe. Bisibisi aliinywa bila kulalamika. Alipomaliza alifuta meza, akafunga madirisha, akabeba mkoba mdogo wa vifaa. Baba alibeba ule mkubwa, wakatoka.

Bisibisi halikuwa jina lake la kuzaliwa, na mzazi gani mwenye akili zake angemwita mtoto hivyo? Baba yake, fundi wa umeme, alimpachika alipokuwa mdogo, kwa sababu alikuwa mwembamba na alipenda kujipenyeza kila mahali. Sasa alikuwa binti wa miaka kumi na miwili na jina lilikuwa limemganda. Mdogo wake naye aliitwa Kibonge kwa ajili ya mashavu yake. Siku hizi jina hilo lilimkaa vibaya, maana nimonia ilikuwa imeyala mashavu yote na kumwachia macho tu.

Shule zilikuwa zimefungwa, na baba hakutaka kumwacha binti peke yake nyumbani. Tena safari ilikuwa moja. Baba alikuwa amepewa kibarua katika hospitali ile ile, kwenye wodi ile ile ya watoto, kufunga skrini ya kuongozea mashine mpya ya hewa. Ilikuwa kazi ndogo, lakini alikuwa ameitolea macho. Msimamizi wa mafundi alikuwa amemwambia waziwazi, "Ukiifanya vizuri hii, jengo lile jipya la nyuma ni lako." Jengo lile lilikuwa na kazi ya mwaka mzima, na baba alikuwa amehangaika na vibarua vya siku mbili tatu kwa muda mrefu mno.

Siku hiyo kazi ilikwenda vizuri. Baba alipima ukutani, akatoboa kwa drili, akapitisha nyaya ndani ya bomba la plastiki lililotokea upande wa pili. Bisibisi alimshikia pimamaji wakati anafunga kibao cha chuma cha kubebea skrini.

"Kimenyooka?" baba aliuliza.

"Kiputo kimekaa katikati, baba."

"Safi. Sasa njoo uone kitu." Baba alimwonyesha tundu ambamo nyaya zilitokea. "Nyuma ya ukuta huu ni chumba cha kufulia mashuka. Wakichemsha maji, mvuke utapita kwenye bomba hili. Skrini ina kidude cha kupima joto, nacho hakina akili. Kikipulizwa mvuke mgongoni kitadhani wodi nzima inaungua, na mashine itapuliza baridi. Kwa hiyo tundu hili tunaliziba kwanza, ndipo tunapachika skrini."

Alimpa bonge la pati, ule udongo laini wa kijivu ambao mafundi huzibia. Kabla hajasema zaidi, msimamizi alimwita kutoka koridoni akatazame swichi kubwa. "Ziba vizuri, ushindilie kwa kidole," baba alisema, akaondoka.

Bisibisi alibaki na pati mkononi. Kitanda cha Kibonge kilikuwa upande wa pili wa chumba. Mama alikuwa ameteremka kwenda kuoga, na mtoto alikuwa amelala chali anatazama dari, kama alivyolala jana na juzi. Hakuwa amecheka tangu aletwe pale. Bisibisi alimwendea, na huku anamsemesha vidole vyake vikaanza kuchezea ule udongo. Ulifinyangika vizuri ajabu. Akatoa kichwa, akatoa miguu, akatoa pembe mbili, moja ndefu kuliko mwenzake.

"Huyu ni nani?" alimuuliza mdogo wake.

Kibonge alikaza macho. "Ng'ombe," alisema. Kisha akaona zile pembe, akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo kilichoishia kwenye kikohozi, lakini kilikuwa kicheko, na Bisibisi alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

Hapo ndipo aliposikia viatu vya baba koridoni. Alitaka kumchukua yule ng'ombe, lakini Kibonge alikuwa ameshamkumbatia, na alipomvuta midomo ya mtoto ikaanza kutetemeka. Bisibisi alirudi ukutani mikono mitupu, akajisimamisha mbele ya kile kibao.

"Umeziba?" baba aliuliza, tayari ameinyanyua skrini.

Jibu la kweli lilikuwa fupi tu. Angeweza kusema, "Baba, pati imeisha." Lakini baba alikuwa na haraka, msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, na tundu lenyewe lilikuwa dogo, halifiki hata upana wa kidole gumba.

"Nimeziba."

Baba alipachika skrini, akakaza skrubu zake mbili za chini, na kioo kikawaka. Muuguzi mkuu wa wodi aligusa namba kwa ncha ya kidole, mashine ikaitikia kwa mlio wa taratibu. Akatabasamu. Msimamizi alimpiga baba begani. Bisibisi peke yake ndiye aliyekosa raha, na kwa kuwa alikosa raha alijitia kukusanya vifaa.

Kesho yake asubuhi walimkuta mama amejifunga mablanketi mawili, amempakata Kibonge kifuani. Wodi nzima ilikuwa baridi. Watoto walikohoa kila kitanda, mmoja akianza mwingine anapokea. Skrini ilionyesha kwamba chumba kina joto kali, na mashine, kwa utiifu wake wa kijinga, ilizidi kupuliza baridi.

"Nikiizima, hewa inakuwa nzito, na madirisha yameshazibwa kwa ajili yake," muuguzi mkuu alimwambia baba. "Nikiiwasha, watoto wanaganda. Fundi, umetufungia nini hapa?"

Baba alihangaika nayo asubuhi nzima bila kuishusha ukutani, maana alijua nyuma kumezibwa. Mchana, namba zikarudi mahali pake zenyewe, na wodi ikapata joto la kawaida. Siku iliyofuata asubuhi, baridi tena. Mtu aliyejua kinachoendelea katika chumba cha kufulia, na saa ambazo masufuria yake makubwa huchemshwa, angeng'amua mara moja. Bisibisi aling'amua. Alikaa kwenye benchi la koridoni akisikia harufu ya sabuni na mashuka yaliyochemka.

Kibonge alikuwa amekaribia kuruhusiwa. Sasa daktari alifuta ruhusa hiyo, na mtoto akarudishiwa mpira wa oksijeni puani. Yule ng'ombe alikuwa ameshaanguka chini ya kitanda, na mama wa usafi alikuwa amemfagia pamoja na taka nyingine. Kwa hiyo hapakuwa na ushahidi wowote popote. Bisibisi alilijua hilo vizuri, na badala ya kumpa nafuu lilimfanya ajione mchafu zaidi.

Jioni, wakiwa njiani kurudi nyumbani, baba alimuuliza polepole, "Bisibisi, lile tundu uliliziba vizuri?"

"Niliziba, baba."

"Haya." Baba hakuuliza tena. Alianza kuwaza kwa sauti habari za nyaya, labda amezipishanisha, labda macho yake yameanza kuchoka. Bisibisi alitembea nyuma yake akiutazama mgongo wake. Kumsikia baba akijilaumu kulimuuma kuliko viboko.

Asubuhi iliyofuata waliitwa wote mbele ya skrini. Alikuwapo msimamizi, alikuwapo muuguzi mkuu, na alikuwapo mhandisi wa zile mashine, kijana mpole aliyeongea kwa sauti ya chini. Mama alisimama pembeni ya kitanda. Kibonge alikuwa amelala mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka kwa shida.

"Nimezipima nyaya kwenye swichi kubwa, ziko sawa," mhandisi alisema. "Nadhani kipimo cha ndani kimeharibika. Hutokea skrini ikianguka."

Msimamizi alimgeukia baba. "Uliiangusha?"

"Sikuiangusha."

"Fundi, usinizungushe. Uliiangusha, ukaogopa, ukaipachika hivyo hivyo, na sasa watoto wa watu wanaumwa. Ungesema tu tungeagiza nyingine."

"Nakwambia sikuiangusha," baba alisema. Hakupandisha sauti. Mama aliinamisha kichwa.

"Kusanya vifaa vyako. Sitaki mtu mwongo kwenye kazi yangu."

Neno lile lilimchoma Bisibisi. Baba yake alikuwa anaitwa mwongo mbele ya mkewe na mbele ya wauguzi, na mwongo mwenyewe alikuwa amesimama palepale ameshika mkoba. Akapiga moyo konde.

"Ni mimi," alisema. "Tundu la nyuma halijazibwa. Baba alinipa pati nizibe, nikaifanyia mchezo. Aliponiuliza nikasema nimeziba. Na jana jioni akaniuliza tena, nikasema hivyo hivyo."

Baba alimtazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anayemtazama mgeni. Kisha akachukua bisibisi, akalegeza skrubu, akaishusha skrini. Papo hapo pumzi ya mvuke ikatoka tunduni, na harufu ya sabuni ikawafikia wote walipokuwa wamesimama. Mhandisi aliweka kiganja chake pale, akatikisa kichwa. "Basi ndiyo hii," alisema.

Safari hii baba hakumpa mtu pati. Aliziba mwenyewe, akashindilia, akamulika kwa tochi, akapitisha kidole pembeni pote, ndipo akairudisha skrini. Wakasubiri. Namba zilianza kushuka moja moja, na kabla ya mchana mashine iliacha kupuliza baridi. Muuguzi mkuu alipita kitanda kwa kitanda akiongeza mablanketi, uso wake umekunjamana bado.

Msimamizi alimwomba baba radhi kwa kumwita mwongo. Lakini kuhusu jengo jipya hakubadili kauli. "Nitamtafuta fundi mwingine," alisema. "Mtoto alikosea, sawa. Lakini kazi ilikuwa yako, na hukuikagua."

"Kweli sikuikagua," baba alisema, na hakubisha zaidi.

Waliketi kwenye benchi la koridoni, baba na binti, mikoba ya vifaa miguuni. Bisibisi alilia mpaka akachoka. Baba alimwacha amalize, kisha akamuuliza alifanya mchezo gani na ile pati. Akamweleza habari za ng'ombe.

"Alicheka?" baba aliuliza.

"Alicheka."

Baba alivuta pumzi ndefu. "Sikulaumu kwa ng'ombe. Pengine ningekuwapo ningemfinyangia na ndama. Ungeniambia pati imeisha, ningetoka kwenda kununua nyingine, tungechelewa kidogo, basi. Kilichoniumiza ni lile neno 'nimeziba'. Mimi nilifunga ule ukuta kwa neno lako. Kazi yetu ikishafunikwa haionekani tena, mwanangu. Watu wanalala humo, wanaweka wagonjwa wao humo, na wanachokitegemea ni kwamba aliyesema amefanya, amefanya kweli. Ukisema uongo hapo, anayeumia ni mtu ambaye hata hajui kama kuna tundu. Mara hii ni mdogo wako. Ingeweza kuwa mtoto wa mtu yeyote mle ndani."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Na ulivyosema kweli mbele ya watu, bila kubanwa, hilo nimeliona. Ungenyamaza, mdogo wako angekuwa bado anapigwa na baridi saa hizi." Alivuta mkoba wake karibu. "Lakini kukusamehe ni jambo moja, kukuamini ni jingine. Imani itarudi polepole, kwa kazi. Kwa sasa nitakuwa nikitazama."

Alisema hivyo kwa upole, na ndiyo sababu maneno yake yalimkaa Bisibisi moyoni. Jengo lile jipya lilipata fundi mwingine. Baba alirudia vibarua vyake vya siku mbili tatu, na kila walipopita karibu na hospitali aligeuza uso upande wa pili. Kibonge alikaa wodini mpaka shule zilipokaribia kufunguliwa. Aliporudi nyumbani alikuwa mwepesi kama mzigo wa nguo kavu, na alikuwa bado na dawa ya kunywa kila jioni.

Jioni moja mama alikuwa anapika, akamtuma Bisibisi ampe mgonjwa dawa. Bisibisi alipima kijiko, akamnywesha mdogo wake, akamfuta mdomo.

"Umempa?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Nimempa."

Mama aliweka mwiko chini, akaja kutazama. Zamani asingekuja. Bisibisi aliliona hilo, likamuuma, lakini hakununa. Aliichukua chupa yeye mwenyewe, akaipeleka dirishani penye mwanga, akaiinua ili mama aone vizuri dawa imeshuka mpaka wapi.

Mama alitazama, akaridhika. "Haya," alisema. "Na kesho tena, hivyo hivyo."