Maji ya Udongo Chini ya Tuta

Mama Povu alikuwa mfua nguo. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu mapovu ya sabuni yalimfika mpaka viwikoni, naye hakulikataa. Kila asubuhi alipokea mashuka ya nyumba ya wageni. Aliyafua, akayaanika, akayapiga pasi, na jioni akayarudisha. Shuka likirudi na doa, kazi imekwenda. Kwa hiyo alilikagua kila moja kama mtu anayetafuta chawa.

Aliishi bondeni na mumewe, fundi baiskeli, pamoja na mamamkwe wake ambaye miguu yake ilikuwa imevimba, hawezi kutembea bila kushikwa mkono. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na bwawa. Si bwawa la maji ya kunywa wala la samaki. Ni tuta refu la udongo lililokatiza bonde, limeota nyasi, kimo chake mara tatu ya mtu mzima. Lilijengwa baada ya mafuriko yaliyozoa nyumba saba kwa siku moja. Mvua kubwa ikinyesha, tuta huyazuia maji yasishuke yote kwa pamoja. Kisha bomba lenye koki kubwa huyaachia polepole. Tangu lijengwe, watu wa bondeni walisahau hofu. Ndivyo tulivyo binadamu, tukishiba tunasahau njaa.

Mwezi mmoja kabla ya mvua, Mama Povu aliona majimaji kwenye nyasi, pale tuta linapokutana na ardhi. Siku ya pili yalitoka maji membamba kama kidole, safi kabisa. Alifurahi jamani. Kisima kilikuwa mbali, na mgongo ulikuwa umechoka kubeba ndoo. Mungu hamtupi mja wake, alijisemea. Akachukua jembe, akachimba kidimbwi ndoo iweze kuingia, akaweka na jiwe bapa la kufulia.

Mumewe alimtania kwamba sasa atanenepa kwa kukosa safari. Mamamkwe hakucheka. Aliuliza tu maji hayo yanatoka wapi. Mama Povu alimjibu kwamba yanatoka ardhini, mama, yatoke wapi tena. Bibi akatazama tuta kupitia dirishani.

Kila baada ya miezi mitatu alikuja mkaguzi wa bwawa kutoka ofisi ya maji. Watu walimwita Bi Mabuti, maana hata wakati wa kiangazi alivaa mabuti ya mpira. Siku moja Mama Povu alimwona akishuka kilimani. Akiona kidimbwi atakifunga, aliwaza, nami nitarudia safari za kisima. Haraka haraka alikifunika kwa turubai, akapanga juu yake mabeseni ya nguo. Bi Mabuti alimsalimia vizuri, akamuuliza kama ameona unyevu wowote chini ya tuta.

"Hakuna kitu, dada," alisema Mama Povu. "Pakavu kabisa."

Bi Mabuti alimshukuru, akaenda zake.

Mvua zikaanza. Siku ya tatu bwawa lilikuwa limejaa nusu. Mama Povu aliinua shuka kutoka kwenye beseni, akaona limepiga rangi ya chai. Akalisuuza tena, likazidi. Akachungulia ndani ya ndoo. Chini kulikuwa na udongo laini kama unga. Aliogopa kufukuzwa kazi, masikini. Hakujua kwamba lipo la kuogopesha zaidi.

Alimwita mumewe. Sasa fundi baiskeli ni fundi baiskeli, kwake penye tundu ni kiraka. Alileta udongo wa mfinyanzi na magunia, akaujaza kwenye kidimbwi, akaushindilia kwa miguu mpaka maji yakakatika. Alijifuta mikono akisema kazi kwisha. Mama Povu alishusha pumzi, akabeba ndoo zake kwenda kisimani.

Asubuhi iliyofuata alitoka kukaza kamba ya kuanikia. Hatua mbili kutoka pale walipoziba, maji yalikuwa yanachemka kutoka ardhini kama uji jikoni. Yalikuwa mazito, ya kahawia, unene wa mkono wake. Yalitupa mchanga pembeni, na mchanga ulikuwa umejenga duara. Mama Povu aliinua macho. Tuta lilikuwa vilevile, la kijani, kimya, halina hata ufa. Ukimya ule ulimtisha kuliko kitu chochote.

Mumewe alipoona, alikimbilia udongo mwingine. Mama Povu akamshika mkono.

"Acha," alisema. "Jana tumeziba, yamehamia hapa. Leo tukiziba yatahamia wapi?"

Fundi akaacha. Mama Povu alikimbia mpaka kwenye kibao karibu na koki. Hapo palikuwa na namba ya simu ya Bi Mabuti. Aliikosea mara mbili. Alipompata, maneno yalitoka yenyewe.

"Dada, nilikudanganya. Maji yalikuwepo. Niliyafunika. Na jana tukayaziba."

Bi Mabuti hakumgombeza. Aliuliza jambo moja tu, maji ni safi au ya udongo.

"Ya udongo."

"Msizibe tena. Watoe watu wote bondeni sasa hivi. Vitu viacheni. Watu kwanza, tuta baadaye."

Mama Povu alipiga sufuria nyumba hadi nyumba. Wengine walitoka wakiuliza maswali, wengine walitaka kurudi kuchukua magodoro. Jirani mmoja, mama wa mapacha, alikuwa anawaogesha wanawe. Aliwabeba wakiwa na sabuni mwilini, akapanda nao kilima mbio kuelekea shuleni. Fundi alimkalisha mama yake nyuma ya baiskeli, wakamfunga kwa shuka la nyumba ya wageni. Hakuna aliyekumbuka madoa. Bibi alimshika mwanawe kiunoni, akisema kwamba safari ile ya mafuriko pia ilikuwa asubuhi ya namna hii, mvua ndogo tu, na dada yake alirudi kuchukua kuku. Alilisema hilo njia nzima. Mama Povu alisukuma baiskeli kwa nyuma, na kila baada ya hatua kumi aligeuka kutazama tuta.

Bi Mabuti alifika na lori la mchanga, kokoto na mawe, pamoja na wafanyakazi sita. Wawili aliwatuma kwenye koki waifungue mpaka mwisho, maji ya bwawa yapungue. Mmoja alimsimamisha kilimani na filimbi, macho kwenye tuta. Filimbi ikilia, kila mtu akimbie. Kisha yeye mwenyewe aliteka maji yale kwenye chupa inayoonyesha ndani, akaisimamisha juu ya jiwe. Udongo ulishuka taratibu mpaka ukajaza unene wa kidole.

"Tazameni," aliwaambia Mama Povu na mumewe, waliokuwa wameshuka kumwonyesha mahali penyewe. "Maji yakitoka safi, tuta linatoka jasho. Si dogo hilo, mnaniita nije nilipime. Yakitoka na udongo, tuta linaliwa kwa ndani. Huu hapa chini ya chupa ni tuta lenyewe. Linaondoka chembe kwa chembe, na shimo linarudi nyuma kuyafuata maji ya bwawa. Likiyafikia, tuta lote linakwenda."

Fundi aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini asizibe.

"Ukiziba, maji hayaondoki. Yanatafuta njia nyingine usiyoiona. Sisi tunayaacha yatoke, lakini tunayanyima udongo. Mchanga kwanza, kokoto juu yake, mawe mwisho. Ni kama chujio la chai. Lakini msije mkafanya peke yenu. Kazi yenu ni kuondoka na kupiga simu."

Wakamwaga mchanga kuzunguka na juu ya maji yaliyochemka. Ukabebwa. Wakamwaga mwingine, ukabebwa tena. Mama Povu alikuwa ameamriwa kupanda kilimani. Kutoka pale alimwona mumewe, aliyekataa kuondoka, akipokezana ndoo na wafanyakazi chini ya tuta lile kubwa. Aliomba Mungu, akajilaumu, akaomba tena. Kama angemwonyesha Bi Mabuti kile kidimbwi, mumewe asingekuwa pale.

Mpaka alasiri mchanga ulikuwa umetulia, kokoto zimekaa juu yake, na mawe juu ya kokoto. Maji yaliendelea kutoka. Bi Mabuti akajaza chupa nyingine, akasubiri. Chini hapakuwa na kitu. Alisubiri tena, akaitikisa, akaitazama kwenye mwanga. Kisha akaketi kwenye matope na mabuti yake.

Watu walirudi nyumbani baada ya siku nne, maji ya bwawa yaliposhuka. Kiangazi kilipofika, tuta lilichimbwa ili litengenezwe upya. Wote waliitwa waone. Ndani kulikuwa na shimo la kuingia kichwa cha mtu, na lilikuwa limepita katikati ya tuta. Hatua nne zaidi tu, lingefika majini. Mama Povu akatoka mbele, akaeleza yote, turubai, mabeseni, na uongo wake. Mama wa mapacha alimsonya mbele ya watu, na Mama Povu akaona ni haki yake.

Siku hizi anateka maji kisimani. Kila asubuhi, kabla ya kufua, anatembea chini ya tuta kutoka mwanzo hadi mwisho, na msimu wa mvua mara mbili kwa siku. Haruhusu mtu kuchimba pale, wala kupanda mti, kwa maana mizizi hutoboa tuta.

Juzi mama wa mapacha alimjia mbio, hana viatu, jasho linamtoka. Alikuwa ameona maji chini ya tuta, mwisho kabisa. Mama Povu aliacha nguo kwenye beseni. Walikimbia wameshikana mikono. Walipofika walikuta ndoo imepinduka, na mbuzi amesimama kando akiwatazama.

Mama wa mapacha alificha uso kwa aibu. Mama Povu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akajikuta analia.

"Kesho ukiona tena, nikimbilie tena," alisema. "Hata kama ni mkojo wa mbuzi."