Jina Juu ya Kioo

Kasereka alikwenda kununua gari jioni, jambo ambalo fundi wake Zacharie alimkataza tangu asubuhi. Gari hutazamwa juani, alimwambia. Lakini Kasereka akishapenda kitu, hasikii la mtu. Pikapu yake ya zamani ilikuwa imemfia njia ya Niania, na trela lake lilikuwa limelala bure uani, mtaa wa Lumumba mjini Bunia, wiki ya tatu sasa. Alikuwa na haraka.

Uwanja wa Gérard, muuza magari, ulikuwa na pikapu mbili za kuvuta mizigo. Moja ya mazout, yaani dizeli, imeshatembea. Nyingine ya essence, yaani petroli, mpya kabisa, pana kama nyumba ya kupanga, nailoni bado kwenye viti. Nyuma yake lilikuwa limefungwa trela tupu la kujaribia. Kasereka hakuitazama ya kwanza mara mbili.

"Patron, beba ya mazout," Zacharie akamnong'oneza. "Hii ya essence, ku njia ya Niania itakunywa mpaka itakumaliza."

"Na mazout ya hapa, yenye maji? Si weye ulinitolea ma-injecteur ine zenye zilikufa juu ya hiyo maji?"

Ilikuwa kweli.

Gérard alikuwa mwembamba, mpole, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Mkononi alishika kopo dogo la rangi nyeupe na brashi. Hakusifia mashine. Hakutaja bei. Aliuliza jambo moja tu.

"Utaiita nani?"

Bunia nzima inajua mambo haya. Mfanyabiashara akipata gari, huandika jina la mtoto wake juu ya kioo cha mbele, nalo gari huitwa hivyo barabarani mpaka life. Lakini jina huandikwa nyumbani, gari likishakuwa lako, watu wakishakunywa na kuomba. Kasereka alikuwa na mtoto mmoja tu, aliyempata baada ya miaka kumi na moja ya kungoja na kusemwa. Furaha ikamtoa akili.

"Arlette!" akasema.

Brashi ilikuwa tayari juu ya kioo.

"Ngoja kwanza," Zacharie akasema. "Hatuyafungua hata capot tuone mashine..."

"Ni kusudi mwingine asiichague," Gérard akajibu, akamalizia herufi ya mwisho. "Peleka kidogo ku njia, papa. Usikie vile inavuta."

Zacharie alibaki langoni atazame magurudumu ya trela. Kasereka akapanda peke yake, akajifunga mkanda, akawasha.

Mashine iliunguruma taratibu, vizuri mno. Akatoka barabarani. Baada ya mita mia mbili akawa anacheka peke yake. Ndipo mlima ulipoanza, na gari likainamia nyuma, kama trela limepakiwa saruji. Akatazama kioo cha pembeni. Trela lilikuwa tupu.

Akatazama mshale wa essence.

Ulikuwa chini kabisa. Sifuri. Na gari lilikuwa linapanda.

Kisha harufu ikaja... Si essence. Sabuni, na mafuta ya nazi. Mafuta yale yale ambayo mke wake Jeannine humpaka Arlette kichwani kila jioni.

Krrr...

Nailoni ya kiti cha pembeni ilikuwa inabonyea. Polepole. Kishimo kidogo, cha makalio ya mtoto. Mkanda ukajivuta wenyewe kutoka kwenye nguzo ya mlango, ukapita juu ya kifua kisichoonekana, ukafunga.

Kla.

Kasereka akaacha kukanyaga mafuta. Akakanyaga breki, mguu ukazama na gari likaendelea. Akazungusha ufunguo; ukazunguka bure. Akasukuma mlango kwa bega, mara tatu, nne. Watu walipita kwa miguu kando yake wakitoka sokoni, akapiga kioo kwa ngumi, akapiga kelele. Mama mmoja alimpungia mkono. Alidhani anasalimiwa.

Simu ikalia. Jeannine.

"Papa Arlette, kuya mbio! Mutoto ameanguka mu jikoni. Mikono iko baridi, hata haitike..."

"Tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi! Alisema tu, 'Mama, niko nasikia batu bananivuta.' Kuya!"

Gari likaongeza mwendo. Na kadiri lilivyopanda, lilizidi kuwa jepesi, na pumzi ndogo ikaanza kusikika kwenye kiti cha pembeni. Kwenye simu, Jeannine alikuwa analia kwamba mtoto hapumui.

Kasereka alielewa: gari lilikuwa linamvuta mwenye jina. Sijui alielewaje, maana hakuna aliyemweleza, lakini mzazi akibanwa hivyo huelewa. Mbele yake jina lilisomeka kinyume, jeupe. Lilikuwa upande wa nje, asikoweza kufika.

Akashika usukani kwa mikono miwili.

"Nimekosa," akanong'ona. "Si Arlette. Achana na mutoto. Gari hii inaitwa Kasereka."

Gari likazidi kupanda.

"Inaitwa Kasereka!"

Mkanda wa pembeni ukafunguka. Nailoni ikainuka. Mkanda wake mwenyewe ukamkaza, ukakaza tena, mpaka mbavu zikalia.

"Ameamuka," Jeannine akasema kwenye simu. "Yesu wangu. Anaomba mayi."

Gari likageuka lenyewe, kwa upole, likarudi uwanjani. Gérard alikuwa langoni. Hakuuliza kitu. Alikwangua kioo kwa wembe, akachovya brashi, akaandika jina jipya: Kasereka.

Zacharie alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa. "Ndani ya hii gari kuko nani?" akauliza.

"Iko mupya," Gérard akajibu. "Leo ndiyo imepata mwenyewe."

Usiku ule, walipofika Lumumba, Kasereka alijaribu kushuka afike mlango wa nyumba yake. Hatua ya saba pumzi ilikatika, akaanguka, Zacharie akamburuta mpaka kwenye gari, na pumzi ikarudi. Wamejaribu kwa wachungaji, wamejaribu kwa daktari. Ni hatua saba. Uwanja wa Gérard sasa ni shamba la mihogo, na jirani zake wanasema huyo mtu alikodi uwanja mwezi mmoja tu.

Kasereka anavuta mizigo. Bunia, Niania, Bunia. Anakula na kulala mle ndani, na hajaweka essence hata siku moja, lakini amekonda mpaka mashati yanamcheza. Akipita Lumumba jioni, Arlette humletea sahani ya fufu na kumpitishia dirishani.

Juzi mtoto hakuondoka.

"Papa, niko na hamu ya weye. Niingie kidogo tu, tukae wote?"

Kabla hajajibu, mlango wa upande wa pili ulifunguka wenyewe, taratibu.

Kasereka akaondoa gari, sahani ikamwagika mapajani mwake. Kwenye kioo cha pembeni alimwona Arlette amesimama katikati ya barabara, akilia, akidhani baba yake hamtaki tena. Alitamani kumwita, lakini jina lile hathubutu kulitamka tena mle ndani.