Kuna Mwenye Shida?

Kila Ijumaa, baada ya somo la hesabu, Mwalimu Kombe alitoka nje na nyundo yake akasimama chini ya mkorosho ulio mbele ya shule. Kwenye tawi moja kulining'inia kipande cha reli. Wanafunzi walijipanga mistari miwili, wakubwa huku na wadogo kule, na kila mkubwa alikuwa na mdogo wake wa kumshika mkono.

"Kuna mwenye shida?" mwalimu aliuliza.

"Hakuna, mwalimu!" walijibu wote kwa sauti moja.

Ndipo alipoigonga reli. Ulikuwa mwaka 1942, wakati wa vita vikuu vya pili. Manowari zilijaa bandari ya Kilindini, na watu wa Mombasa walikuwa wakiangalia juu kila mara, kama kuku aliyekwisha kumwona mwewe. Shule ile ya Frere Town ilikuwa imechimba handaki refu nyuma ya madarasa. Reli ikilia, wakubwa waliwakimbiza wadogo wao hadi humo, wakachuchumaa na kuziba masikio. Sheria ilikuwa moja tu, kimya. Aliyefungua mdomo alifagia uwanja wiki nzima.

Jumwa, binti Kenga, alikuwa na miaka kumi na miwili. Mdogo aliyepangiwa kumshika mkono alikuwa Nguma, mtoto wa miaka saba ambaye hakujua kutulia hata usingizini. Jumwa alimpenda sana Nguma. Alichokichukia ni kule kuchuchumaa.

Kila alipokunja miguu, goti lake la kulia lilitoa sauti, ta!, kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Kabla watu hawajageuka kutazama, la kushoto nalo likajibu. Zamani lilikuwa jambo la mchezo. Jumwa aliweza kukunja kidole gumba hadi kikagusa kigasha cha mkono, na alivunja vidole vyake vikalia kimoja kimoja huku wenzake wakihesabu na kucheka. Tsofa, mvulana wa darasa lake aliyekuwa na mdomo usio na pazia, ndiye aliyehesabu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Lakini tangu Pasaka sauti ile ilikuwa inakuja na maumivu. Akibeba debe la maji kutoka kisimani, magoti yalimchoma. Jioni yalivimba, na asubuhi alitembea kama bibi kizee mpaka jua lipande. Na kila Ijumaa, mle handakini ambamo hata pumzi zilisikika, magoti yalilia, naye Tsofa akanong'ona, "Jumwa amekanyaga kuni tena." Wenzake walibana midomo mpaka machozi yakawatoka.

Mtu atauliza, kwa nini asiseme? Sababu ilikuwa dada yake, Nyamvula. Miaka mitatu nyuma Nyamvula alishikwa na pumu. Baba yao alisema apumzike nyumbani kidogo, akipona atarudi shule. Basi akapumzika mwezi, akapumzika mwaka, na sasa alikuwa akisuka makuti nyuma ya nyumba, huku kitabu chake kimeliwa na mchwa. Jumwa aliona yote hayo kwa macho yake. Alijua kwamba siku atakayosema "naumwa", yeye naye atakabidhiwa makuti. Wazo hilo lilimtisha kuliko ndege za adui.

Akaamua kujiganga mwenyewe, na hapo ndipo alipokosea. Alichukua leso kuukuu ya mama yake, akairarua vipande virefu, akavifunga magotini chini ya gauni, akakaza kwa nguvu zake zote. Ijumaa hiyo magoti hayakusikika. Tsofa alingoja weee, akachoka. Jumwa alifurahi, ingawa miguu ilimfa ganzi hata akashindwa kujua kama kiatu kimo mguuni au kimechomoka.

Mwalimu Kombe alimwona akichechemea. "Jumwa!"

"Abee, mwalimu."

"Miguu ina nini?"

"Haina kitu, mwalimu. Nimejikwaa tu."

Mwalimu alimtazama kitambo, kisha akaenda zake. Jumwa aliona haya, kwa maana hakuzoea kumdanganya. Hata hivyo, Jumatatu alikaza vitambaa zaidi.

Jumanne, wakiwa katikati ya imla, king'ora kililia kutoka upande wa kisiwani.

Hakuna aliyeelewa mara moja. Ile haikuwa Ijumaa, na hakuna aliyeambiwa kitu. Mwalimu Kombe aliiacha chaki ianguke, akatoka mbio, na mara reli ikaanza kulia bila mpango, gonga gonga gonga, na safari hii hakukuwa na swali. Jumwa alimdaka Nguma mlangoni pa darasa la kwanza.

"Ni kweli leo?" Nguma aliuliza. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho.

"Twende!"

Walikimbia. Handaki lilikuwa mbele yao, hatua thelathini hivi. Jumwa aliisikia ndege kabla ya kuiona, ngurumo nzito iliyotokea upande wa bahari. Akataka kuongeza mwendo. Mguu wa kulia, uliokuwa umekufa ganzi, ukakanyaga vibaya. Ta! Maumivu yakampanda hadi kiunoni, akaanguka kifudifudi mchangani, na mkono wa Nguma ukamponyoka.

Nguma alimtazama, akatazama juu. Ndege ilipita chini chini, kivuli chake kikafagia uwanja. Mtoto akapiga ukelele na kukimbia, si kuelekea handakini bali kwao, na kufika kwao ni lazima avuke barabara ya malori ya jeshi.

Jumwa alijaribu kuinuka. Goti lilikataa. Akajaribu tena, likakataa tena. Wenzake walikuwa wakimpita, wakiburura wadogo zao, hakuna mwenye macho ya kutazama nyuma. Akilini alimwona Nyamvula na makuti yake. Akipaza sauti, kila mtu atajua. Akinyamaza, labda Nguma atasimama mwenyewe. Labda. Upande wa barabara alisikia lori likibadilisha gia.

"Mwalimu!" alipiga kelele kwa nguvu zote alizokuwa nazo. "Mwalimu, siwezi kukimbia! Magoti yangu ni mabovu! Nguma anaenda barabarani!"

Mwalimu Kombe alitupa nyundo. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona mtu yule wa suruali ya pasi akikimbia namna ile. Lori lilipita likivuta vumbi jekundu, likafunika barabara, mwalimu na mtoto, vyote pamoja. Jumwa alilala pale pale mchangani, akiangalia vumbi lile. Hakuomba kwa maneno. Alisema tu, "Nguma, Nguma, Nguma."

Mikono ikamshika kwapani. Alikuwa Tsofa, ametoka handakini bila kutumwa. "Simama, nikuegemeze."

"Nguma yuko wapi?"

"Twende kwanza!"

Vumbi lilitulia taratibu. Mwalimu Kombe akatokea, mkono mmoja wa shati umeraruka, amembeba Nguma ubavuni kama mzigo wa kuni, naye Nguma akirusha miguu. Mzima. Jumwa alilia kwa sauti hata akasahau kwamba anaumwa.

Mle handakini walibanana mpaka king'ora cha salama kilipolia. Jumwa alipokunja miguu magoti yalisikika, ta, ta. Hakuna aliyecheka. Baadaye waliambiwa kwamba ile ilikuwa ndege ya upande wetu, na king'ora kilikuwa cha kujaribu watu. Watoto walirudi darasani wakicheka cheko la watu waliotoka kutetemeka, wote isipokuwa Jumwa. Yeye alikaa kwenye benchi huku mwalimu akimfungua vitambaa. Nyama ilikuwa imebonyea, imekuwa ya zambarau.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka, mwalimu."

"Nimekuuliza Ijumaa ngapi tangu hapo?"

Jumwa alihesabu vidoleni. "Saba."

Alingoja fimbo. Haikuja, na hilo lilimuumiza zaidi. Akaeleza yote, habari ya Nyamvula, ya makuti, ya leso ya mama. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kofia yake. "Leo nitakusindikiza nyumbani. Mwendo wako mwenyewe, hatuna haraka."

Mzee Kenga alikuwa ametoka bandarini, bado ana vumbi la simenti nyweleni. Alipoisikia habari, alikunja uso. "Basi akae nyumbani, apumzike. Akipona atarudi."

Jumwa aliinamisha kichwa. Yalikuwa maneno yale yale, hata neno moja halikubadilika. Nyuma ya nyumba, mkono wa Nyamvula uliokuwa ukisuka ukasimama.

"Mzee," alisema Mwalimu Kombe kwa upole, "mimi si daktari, na wewe pia si daktari. Tusimhukumu mtoto kabla hajapimwa."

Kenga aligeuka akamtazama binti yake mkubwa, aliyekuwa amesogea penye kona ya nyumba. "Kesho nitampeleka zahanati," alisema hatimaye. "Nyamvula, nawe jitayarishe. Wewe tulikutoa shule kwa hofu tu, hatukuuliza mtu."

Dresa wa zahanati, yaani mganga msaidizi, aliitwa Mwinyihaji, mtu wa Likoni, mwenye kofia ya kitambaa na mikono baridi. Aliuliza mengi. Homa? Hakuna. Koo liliwahi kuuma sana? Hapana. Alisikiliza moyo wake muda mrefu, kwa maana, alisema, viungo vikiuma pamoja na homa ni jambo la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Kisha akamwambia akunje kidole gumba. Kikagusa kigasha.

"Ahaa. Wewe umezaliwa na viungo vilegevu, binti yangu. Havijaoza wala hujarogwa. Sauti peke yake haina neno, hata langu goti hulia nikisujudu. Lakini maumivu na uvimbe ni habari nyingine. Hiyo haifichwi."

"Leso nayo?" aliuliza Jumwa kwa sauti ndogo.

"Leso ivae kiunoni, wallahi! Kukaza vile kunazuia damu." Akamkalisha kitini, akamwonyesha kunyoosha mguu mmoja polepole, kuushikilia angani akihesabu hadi kumi, kisha kuushusha. "Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Nyama ya paja ikipata nguvu italishika goti. Goti likivimba, kitambaa cha maji baridi. Maji ya kisimani, ubebe nusu debe tu. Na mchezo wa kuvunja vidole ukome."

"Na shule?" Kenga aliuliza.

"Shule aende. Akikaa bure nyama italegea zaidi. Ila asichuchumae, na asikimbie mpaka nimwone tena."

Nyamvula naye alipewa dawa ya pumu yake, na jioni ile alimwomba Jumwa kitabu.

Haikuwa kazi ya siku moja. Kuna asubuhi Jumwa alinyoosha mguu akihesabu huku akisaga meno, na kuna siku alitaka kuacha. Baada ya wiki sita uvimbe ulikuwa umepungua, na kisima hakikuwa mbali kama zamani. Sauti ilibaki.

Ijumaa moja Mwalimu Kombe alisimama tena chini ya mkorosho. "Kuna mwenye shida?"

"Hakuna, mwalimu!" walijibu, ila safari hii mkono mmoja ulikuwa juu.

"Mimi ninayo, mwalimu," alisema Jumwa. "Siwezi kukimbia. Naomba niondoke mapema, na mle handakini nikae juu ya sanduku badala ya kuchuchumaa."

Kisha mkono wa Tsofa ukapanda taratibu. "Mimi nina mwiba, mwalimu. Tangu juzi." Ukafuata mkono wa msichana mwenye sikio linalouma, na wa mdogo mmoja ambaye shida yake ilikuwa kwamba anaogopa giza la handaki.

Mwalimu Kombe aliiteremsha nyundo. "Kila Ijumaa mmekuwa mkiniambia hakuna," alisema, "nami nikajipanga kwa hilo hakuna lenu. Nilidhani nina watoto arobaini wanaoweza kukimbia. Anayeficha maumivu yake hajiponzi mwenyewe tu, anamponza na yule aliyemshika mkono. Semeni mapema, ili tujue nani amsaidie nani. Hiyo si aibu wala si uvivu."

Akamwelekea Jumwa. "Haya, tangulia."

Jumwa alianza kutembea kuelekea handakini. Nguma alichomoka mstarini akamshika mkono.

"Usikimbie," alimwonya kwa ukali. "Leo mimi ndiye mkubwa."