Biskuti Inayonuka Sabuni

Walikutana mlangoni mwa duka kubwa, Jumamosi, watu wakipigana vikumbo na matoroli yao. Msusi alikuwa ndani ya gauni la njano, njaa inamkwangua. Kijana wa utafiti wa soko, shati limepigwa pasi likanyooka, akamzuia na sahani ya biskuti.

"Onja, dada. Niambie ukweli."

"Inanuka sabuni."

Akamwona anaandika: ladha yenye hisia ya usafi.

"We! Mimi nimesema hivyo?"

"Mwenye kiwanda haambiwi biskuti mbaya. Tunasema ina nafasi ya kukua. Watu wakiitema, tunasema wanahitaji muda wa kuizoea."

Msusi alicheka mpaka akashika ukuta, na mapenzi yakaanzia hapo. Mwaka ukapita kwa simu za usiku na utani, hadi wakapanga posa. Shangazi wa msusi akaambiwa Jumapili atapokea wageni. Kilichobaki ni kijana kuzungumza na mama yake.

Ijumaa simu ikaita saluni, msusi yumo kwenye nywele za mteja.

"Malkia wangu," kijana akasema, "kwa mama mapokezi ni mchanganyiko."

"Mchanganyiko wa nini na nini?"

"Ana mtazamo wa tahadhari. Anaona una nafasi ya... ya kukua."

Damu ikamchemka. Mwanamume mzima, kumletea maneno yale yale!

"Kwa hiyo mimi ndiyo biskuti?"

"Dada, kichwa changu!" mteja akalia.

"Jumapili mnakuja, hamji?"

"Tuseme ratiba inaboreshwa."

Akamkatia simu. Akasuka mistari miwili upogo, akaifumua. Kukataliwa angekuvumilia, kilichomchoma ni kupakwa sukari kama mtoto anayenyweshwa dawa.

Kesho yake kijana akatokea saluni, shati lina makunyanzi, macho mekundu. Mteja wa jana naye alikuwepo, amekuja kumaliziwa.

"Mpenzi, nisikilize..."

Msusi akanyanyua ndoo ya maji ya kuoshea nywele. "Neno moja la kazini kwako, nakumwagia."

Kijana akarudi nyuma hatua moja. "Mama amekukataa. Amesema hataki mkwe msusi. Na mimi nikanyamaza. Niliogopa."

Iliuma kuliko alivyotarajia. Lakini ndoo akaitua.

"Halafu?"

"Leo asubuhi nimemwambia nakuoa wewe. Amenifukuza nyumbani. Kesho nakuja na baba mdogo, kama bado unanitaka."

"Nakutaka," msusi akasema kwa ukali. "Njooni. Ila nina hasira na wewe, sijui nikufanye nini!"

Mazoea ya kazi yakamponyoka kijana: "Hasira kiasi gani? Kati ya moja na kumi?"

"Kumi!"

"Mwambie kumi na moja," mteja akadakia.

Kijana akainamisha kichwa. "Kumi na moja," akasema, na hakuipunguza.